Amri Isiyosikika: Safari ya Mlemavu na Wajibu wa Askari

Askari anaposema "Simama!" na mtu akaendelea kutembea, askari hushtuka, na ana haki ya kushtuka. Ndivyo alivyofundishwa, na mafunzo hayo yameokoa roho nyingi katika nchi zilizopatwa na vita. Lakini lipo swali moja ambalo hapana budi kila mwenye bunduki ajiulize kabla kidole hakijagusa kifyatulio. Je, kama mtu huyo hasikii?

Swali hili si la darasani. Katika pwani ya kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia mdomo wa mto Ruvuma, kupita Quionga ambayo wazee wa Mtwara huiita Kionga, hadi Palma na Mocímboa da Praia, swali hili lipo mahali popote abiria wanaposhuka garini mbele ya kizuizi. Miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wamo waliokula vumbi la Nangade katika jeshi la pamoja la nchi za SADC, lililoingia Msumbiji Julai 2021 na kumaliza kazi yake Julai 2024. Hao hawahitaji kuelezwa jinsi kizuizi kinavyokuwa jua linapokuwa kali, foleni inapokuwa ndefu, na askari hajui ni nani katika watu mia ndiye mbaya.

Historia ya karibuni ya pwani ile inajulikana. Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vilishambuliwa mjini Mocímboa da Praia. Agosti 2020 mji huo ukaangukia mikononi mwa waasi, na haukurudi mikononi mwa serikali mpaka Agosti 2021, majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoutwaa. Katikati ya hapo, tarehe 24 Machi 2021, Palma ilishambuliwa, na watu kwa maelfu wakakimbilia porini, pwani na katika rasi ya Afungi. Kwa ujumla, waliohama makwao katika miaka ya vita hiyo walipindukia milioni moja.

Katika msukosuko huo wananchi wa pwani walijifunza jambo moja, kwamba safari huanza kwa habari. Kabla mtu hajafunga mzigo wake hujiuliza kama barabara ya Awasse imefunguliwa, kama msafara wa magari yenye ulinzi utaondoka na saa ngapi, kama ipo mashua iendayo Pemba, na kama chapa, yaani yale magari madogo ya abiria, yatafika mwisho wa safari au yatageuzia njiani. Zamani majibu yalipatikana sokoni na barazani. Siku hizi yamo ndani ya simu ya mkononi. Dereva hutafutwa kwa simu. Nauli hutumwa kwa M-Pesa au e-Mola. Onyo la hatari huja kwa sauti iliyorekodiwa na kusambazwa kutoka simu hadi simu. Amri ya kutotoka nje huja kama picha ya karatasi yenye mhuri.

Kwa hiyo simu imekuwa sehemu ya chombo cha safari, kama usukani au tanga. Asiyeweza kuitumia huachwa ufukweni. Na walioachwa wa kwanza ni ndugu zetu wenye ulemavu, ambao kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni mtu mmoja katika kila watu sita ulimwenguni.

Tuchukue watu watatu wa kufikirika, wote wa Mocímboa da Praia, wote wanaotaka kwenda Palma siku moja.

Wa kwanza ni kijana kiziwi. Simu anayo, na kuitumia anajua. Lakini dereva wa gari ameandika namba yake ubavuni mwa gari na kusema, "Nipigie." Kijana hawezi kupiga. Akituma ujumbe wa maandishi, dereva hausomi kwa sababu amezoea kupigiwa. Onyo kuhusu barabara limesambazwa usiku kwa sauti, na kila mtu mtaani ameshalisikia isipokuwa yeye. Asubuhi anafika kituoni, anakuta hakuna gari wala watu, naye hajui kwamba watu wametahadharishwa wasisafiri.

Wa pili ni mama asiyeona. Simu yake ina programu inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo juu ya kioo. Programu hiyo husoma vizuri ujumbe ulioandikwa. Lakini tangazo la mamlaka limekuja kama picha ya karatasi, na mbele ya picha programu hiyo aghalabu hukaa kimya. Akitaka kulipa nauli kwa simu ndogo ya vitufe, kwa zile huduma za nyota na reli, simu hiyo haisemi kitu. Inambidi amtajie kijana wa duka au utingo namba yake ya siri. Msomaji mwenye akaunti ya fedha katika simu na ajiulize kama yeye angekubali kufanya hivyo kila safari.

Wa tatu ni mzee atembeaye kwa magongo. Anasikia, anaona, na simu anaitumia kama watu wote. Shida yake ni kwamba hakuna anayemwambia kitu ambacho yeye anahitaji kukijua: kama gari lina ngazi ya chini, kama atatakiwa kushuka na kutembea mwendo mrefu kukipita kizuizi, kama mashua itatia nanga mbali kiasi kwamba abiria watavuka maji mpaka kiunoni. Kwa mwenzake mambo haya ni madogo. Kwake yeye ndiyo yanayoamua kama atasafiri au atabaki.

Tukiwatazama watu hawa watatu tutaona kwamba hakuna anayeomba sadaka. Kila mmoja ana nauli yake. Wanachoomba ni habari ile ile wanayopewa wengine, iwafikie kwa njia wanayoweza kuipokea, na kwa wakati.

Sheria iko upande wao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu uliridhiwa na Tanzania mwaka 2009 na Msumbiji mwaka 2012. Ibara yake ya 9 inazitaja pamoja huduma za usafiri na huduma za habari na mawasiliano, na kuitaka serikali ihakikishe kwamba mlemavu anazifikia sawa na mtu mwingine yeyote. Ibara ya 11 inasema ulinzi wa watu hao hausimami wakati wa vita na majanga. Kisha tarehe 20 Juni 2019 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 2475, la kwanza la aina yake, likizitaka pande zote katika vita ziwalinde raia wenye ulemavu. Azimio la Baraza la Usalama si jambo la ofisi za ustawi wa jamii peke yake. Linamhusu mtu aliyevaa kombati.

Basi turudi kizuizini, kwa maana hapo ndipo sheria hizo zinapothibitika au zinapobatilika.

Katika eneo la vita simu ni kitu cha kutiliwa shaka, na kwa sababu za kweli. Adui huwasiliana kwa simu, hupeleleza kwa simu, na hupiga picha kwa simu. Kwa hiyo askari huikagua. Hakuna mwenye akili anayemlaumu kwa hilo. Lakini askari anayekagua simu ya mtu asiyeona na afahamu mambo matatu kuhusu simu hiyo, maana asipoyafahamu atamhesabu mtu asiye na hatia kuwa ni mhalifu.

La kwanza, simu hiyo husema. Ukiigusa, hutaja kwa sauti kitu ulichokigusa. Haijarekodi mazungumzo yako, wala hakuna mtu upande wa pili. La pili, haifunguki kwa kuguswa mara moja kama simu yako. Mguso wa kwanza hutaja, na miguso miwili ya haraka ndiyo hufungua. Askari asiyejua hudhani simu imefungwa makusudi ili kumficha mambo. La tatu, na ndilo la hatari zaidi, kioo cha simu hiyo huweza kuwa cheusi kabisa huku simu inafanya kazi. Mwenyewe amekizima kwa sababu hakihitaji, na kwa sababu hataki jirani yake garini asome ujumbe wake. Askari hukiona kioo cheusi, husikia sauti ikitoka, huona spika sikioni mwa mtu, na hufikiri amemkamata mpelelezi. Kumbe amemkamata mama anayesikiliza kama nauli yake imepokelewa.

Kwa kiziwi, simu ni ulimi. Kwayo huuliza, hujibu, hueleza anakotoka na anakokwenda. Askari akiichukua na kuiweka mezani huku akimhoji kwa mdomo, amemfunga mtu kinywa kisha anamgombeza kwa kutojibu. Lililo jepesi ni kuandika swali katika simu hiyo hiyo na kumpa asome. Lakini hapa pia pana tahadhari. Viziwi wengi hawakupata shule. Na hata aliyesoma, huenda alisoma Kireno, na askari anaandika Kiswahili, au kinyume chake. Watu wa pwani ile huzungumza Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili, na tangazo la Kireno peke yake huwaacha nje hata wenye masikio mazima. Maandishi yakishindikana, mikono ipo. Kiganja kilichoinuliwa, kidole kinachoonyesha kitambulisho, ishara ya kukaa chini, ni lugha ambayo kila askari amekwisha kuifundishwa kwa ajili ya doria ya usiku. Askari anajua kusema bila sauti, na ujuzi huo unafaa mbele ya kiziwi kama unavyofaa porini.

Nasikia tayari jibu la baadhi ya wasomaji. Watasema, "Je, adui akijifanya kiziwi? Akificha silaha katika kiti cha magurudumu?" Swali hilo ni halali, na anayelipuuza hajawahi kusimama zamu. Jibu lake ni kwamba hakuna anayeomba mtu asikaguliwe. Akaguliwe kama wengine, na kiti chake kikaguliwe, na gongo lake pia. Kinachobadilika ni namna na mpangilio. Kizuizi kiwekwe bango kubwa lenye mchoro wa mkono uliosimama, lionekane kutoka mbali, ili onyo lisitegemee sauti. Usiku taa itumike kabla ya sauti. Askari asimame nyuma ya kinga yake, ajipatie nafasi na sekunde za kutazama mikono ya mtu kabla ya kuamua. Asiyeona aambiwe kwa maneno, "Mimi ni askari, nataka kulishika begi lako," kabla ya kuguswa. Fimbo, gongo na simu zirudishwe mkononi mwa mwenyewe hapo hapo, maana bila hivyo hawezi kuondoka. Mzee wa magongo abaki garini, gari likaguliwe naye akiwamo, badala ya kutembezwa juani na kuangushwa.

Tena, yapo manufaa ya kijeshi katika hili. Vita ya namna ile haishindwi wala kushindwa kwa bunduki peke yake. Inategemea wananchi watampa nani habari. Kijiji ambacho kiziwi wake amepigwa risasi kwa kutotii amri asiyoisikia hakitasema neno kwa doria ijayo. Kijiji ambacho mama asiyeona amevushwa kizuizi kwa heshima kitakumbuka.

Wajibu, hata hivyo, haumwangukii askari peke yake. Zipo ofisi na makampuni yanayotakiwa kufanya sehemu yao, na sehemu hiyo si ghali.

Mamlaka inayotoa tangazo kama picha na iandike maneno yale yale chini ya picha, ili programu za kusomea ziyasome. Onyo linalosambazwa kwa sauti liende pia kwa maandishi, na lile la maandishi liende pia kwa sauti, katika lugha za watu wa pale. Ujumbe mfupi wa maandishi una faida nyingine. Mtandao ukikatika kwa muda, ujumbe husubiri na mara nyingi hufika simu inapopata mawimbi tena, hali simu ya kupiga hupotea. Makampuni ya simu yafikirie njia ya kulipa kwa sauti, ili asiyeona asimtajie mtu namba yake ya siri. Chama cha madereva kiweke namba moja inayopokea ujumbe na kuujibu. Wenye vyombo vya baharini waseme mapema chombo kitapakia wapi na maji yatakuwa ya kiasi gani. Namna ya kuandaa habari za kompyuta na simu ili walemavu wazipate imekwisha kuandikwa. Miongozo ya kimataifa iliyo mashuhuri ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1999. Hakuna anayetakiwa kubuni upya.

Sisi huku Tanzania tusidhani kwamba shauri hili ni la jirani. Tiketi zetu za mabasi ya mikoani zinazidi kuhamia katika mitambo ya elektroniki, na treni ya reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 ilikuja na tiketi za mtandao. Polisi wetu wa barabarani nao husimamisha magari yenye abiria viziwi. Yanayosemwa hapa kuhusu Palma yanatuhusu Mtwara, Lindi na Dar es Salaam, ingawa kwetu kosa huleta usumbufu na kule huweza kuleta kifo.

Wala tusidhani kwamba simu itamaliza kila kitu. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, mawasiliano ya simu yalikatika. Meli iliyotoka Afungi mwishoni mwa mwezi huo ilifikisha Pemba zaidi ya watu elfu moja, na wengine walikwenda kwa mashua au kwa miguu. Siku kama hiyo, aliyemtegemea mtandao peke yake hana kitu. Na habari mbaya huua kuliko kutokuwa na habari. Tarehe 7 Aprili 2024, katika jimbo jirani la Nampula, watu zaidi ya 90 walikufa maji walipojazana katika chombo cha uvuvi kutoka Lunga kuelekea Kisiwa cha Msumbiji. Wakuu wa serikali walieleza kwamba wengi walikuwa wakikimbia uvumi kuhusu kipindupindu. Kwa hiyo pamoja na simu lazima awepo mtu. Kila mtaa uwe na majirani wanaojua nani hasikii, nani haoni, nani hawezi kukimbia, na nani atakayemgongea mlango au kumbeba. Orodha hiyo ilindwe isije ikaangukia mikononi mwa waovu, na kamanda wa mahali ajue nani anayo.

Nimalizie kwa jambo ambalo askari analijua kuliko raia. Fimbo ndefu ambayo wasioona wengi duniani huitumia leo kupapasia njia, pamoja na ufundi wa kutembea nayo, ilitengenezwa mwaka 1944 katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, nchini Marekani, na Richard Hoover, kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka vitani. Jeshi lilipopata vipofu wake, likatafuta njia. Msumbiji nayo ina vilema wa vita vyake. Wapo wa vita ya ukombozi iliyoanza tarehe 25 Septemba 1964 kwa risasi za Chai, huko huko Cabo Delgado. Wapo wa vita iliyokwisha kwa mapatano ya tarehe 4 Oktoba 1992. Wapo waliokatwa miguu na mabomu ya ardhini, ambayo nchi hiyo ilitangaza kuyamaliza mwaka 2015. Na wapo wa vita hii ya sasa, raia na askari, wengi wao vijana.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Askari aliye zamu leo, mwenye macho makali na masikio mazima, kesho anaweza kuwa abiria aliyerudi nyumbani kwa gongo, au aliyepoteza usikivu kwa mlipuko mmoja. Siku hiyo atasimama kituoni na simu yake mkononi, akingoja kujua kama gari lipo. Baadaye atafika mbele ya kizuizi kinacholindwa na kijana asiyemjua, na kijana huyo atainua kinywa chake na kusema neno ambalo mzee wa vita hatalisikia.

Kijana huyo atafanya vile alivyofundishwa. Basi na afundishwe leo, katika kila depo na kila chuo cha polisi, kwamba amri ya kwanza mbele ya kizuizi hutolewa kwa mkono ulioinuliwa.